Maji ya Kunawa Matarawhe

Matarawhe
11 Aprili 2016

Shangazi yangu,

Umeshinda. Simu huitaki kwa sababu eti tunapiga kelele kama wachunga kondoo, kompyuta huitaki kwa sababu inakuchoma macho, basi nimenunua stempu. Dada wa posta kaniuliza kama natuma kadi za harusi.

U hali gani? Rewi anakuwahisha hospitali kusafishwa damu, au bado raga inamchelewesha? Mkaripie kwa niaba yangu. Mwana gani huyo.

Sasa habari ya nyumbani. Mzee Aldersley anauza lile shamba lililo chini ya marae, uwanja wetu wa mikutano ya ukoo. Wanawe wako London, ng'ombe hawawataki, na magoti yake yeye yamechoka. Mnunuzi atajenga nyumba thelathini na nane. Usipige kelele kwanza, soma. Kilima chenye miti ya mikaraka hakitaguswa. Kwenye ramani wamekipaka kijani, kitakuwa bustani, kwa sababu wewe ulisimama miaka ile mbele ya wilaya nzima ukasema wale watu wetu thelathini na mmoja waliouawa mwaka 1864 wamelala pale, ndani ya handaki walilolichimba kwa mikono yao, ambamo askari wa Kizungu waliwafukia. Nyumba zote zitakuwa chini, kwenye tambarare.

Ila halmashauri inataka handaki lenyewe lionekane kwenye ramani kabla ya kikao cha tarehe 24 Juni. Maneno ya mdomo hayatoshi, wametuambia kwa adabu. Na ukoo hautaki jembe liguse ardhi ile. Ndiyo maana nimetoka chuoni Dunedin na vyombo vyangu. Hiki ndicho nilichokisomea miaka yote uliyokuwa ukiniuliza nitaolewa lini: kusoma viwanja vya vita bila kuchimba hata kwa kijiko.

Chombo cha kwanza kinapima sumaku ya udongo. Chuma, udongo ulioungua, shimo lililofukiwa zamani, vyote vinajitaja. Nakibeba mabegani kutwa, naenda mstari narudi mstari, na mwilini hairuhusiwi kuwa na chuma chochote, hata zipu. Binamu Pera ndiye ananishikia kamba za mistari. Alivua mkanda akafunga suruali kwa ukindu, na jana suruali ikamshuka mbele ya mchungaji aliyekuja kutuombea. Mchungaji akaendelea na sala macho yamefumbwa, mwenyewe anatetemeka kwa kicheko.

Tunanawa mikono kila tukitoka, usiulize. Nimetundika chupa ya maji kwenye uzio. Na hakuna aliyetia hata biskuti mdomoni ndani ya shamba, maana chakula hakikai pamoja na wafu.

Mwanao,
Mihiata


Logan, Brisbane
20 Aprili 2016

Mihiata wewe,

Barua imefika, na mwandiko wako bado ni ule ule wa kuku. Nimempa Rewi anisomee, naye kashindwa mistari miwili.

Chupa ya plastiki kwenye uzio! Haya, afadhali kuliko kutonawa. Anayetoka kwa wafu bila kunawa anakuja nao mpaka jikoni, na mimi wafu wangu nawapenda, lakini jikoni siwataki.

Mashine mimi sizipendi. Moja inaninyonya damu mara tatu kwa wiki, sasa na wewe umeleta nyingine ya kuwapeleleza marehemu. Ya nini? Nilishasema wako kilimani. Nilisema nikiwa nimevaa kofia yangu nyeusi, mbele ya watu wenye tai, na hakuna aliyenibishia. Wazungu wa mjini wameokota risasi pale kilimani tangu mimi msichana, zile za mviringo, viganja kwa viganja. Unataka ushahidi gani tena? Pima kilima chako, chora ramani, rudi Dunedin ukatafute mume.

Swali moja dogo. Hizo nyumba za tambarare zinafika wapi? Zinafika mpaka lile birika la kunyweshea ng'ombe, uzio wa mashariki? Birika lenyewe bado lipo? Nauliza tu. Mtu akizeeka anakumbuka vitu vya ajabu.

Damu yangu ni safi, wamesema.

Shangazi yako,
Kararaina


Matarawhe
2 Mei 2016

Shangazi,

Keti kwanza. Nina habari mbili.

Ya kwanza ni mbaya. Kilimani hakuna handaki. Nimepita na kipima sumaku mara mbili, kisha nikapita na rada, ambayo nasukuma mfano wa kigari cha mtoto, na yenyewe inatuma mlio ardhini na kusikiliza unavyorudi. Chini ya majani pana udongo wa shubiri moja, kisha mwamba. Hakuna mtu angechimba handaki pale kwa majembe ya mwaka ule, hata angekuwa na hasira namna gani. Hizo risasi sizikatai, ni za madini yasiyovutwa na sumaku, kwa hiyo chombo changu hakizioni. Lakini handaki hakuna, Shangazi. Nisamehe.

Ya pili ni nzuri mno, mpaka nimeshindwa kula. Kwenye kona ya shamba, karibu na uzio wa marae, sumaku imelia kama kichaa. Mashimo saba yamepangwa mstari mmoja, ya duara, udongo wake umeungua vibaya, na katika moja kuna chuma kizito! Naamini ni vibanda vya walinzi wa ngome ya wazee wetu, vilivyochomwa siku ya vita. Nimemwambia Tamahou, mwenyekiti wetu wa marae, naye kaita mkutano. Gazeti la wilaya limekuja kunipiga picha. Nimevaa gambuti na nywele zangu zimesimama, lakini nimetabasamu.

Kama vibanda viko pale, handaki litakuwa jirani. Nitalipata.

Umeuliza birika. Ndiyo, lipo, la saruji, limeota ukoga. Nyumba nambari 14 mpaka 22 zitakuwa upande huo, na bomba la maji machafu litapita hapo hapo. Kwa nini uliuliza?

Mihiata


Logan
9 Mei 2016

Mihiata, mwanangu, mbavu sina!

Rewi alidhani nimepatwa na kiharusi. Nilikuwa nacheka mpaka nikashika meza.

Mashimo saba yenye udongo ulioungua, kwenye kona, karibu na uzio wa marae? Hao si walinzi. Hiyo ni harusi yangu! Februari 1961, watu mia nne, hangi saba za kuokea chakula chini ya udongo. Nguruwe kumi na moja, kondoo sijui wangapi, viazi vitamu magunia. Marehemu mume wangu alitoka ukoo unaokula sana, Baba hakutaka kuaibika. Wajomba waliwasha moto alfajiri mpaka mawe yakawa mekundu. Na hicho chuma chako kizito ni kipande cha reli. Mjomba Tiki aliviiba vitatu kwenye reli ya zamani, maana chuma hushika joto kuliko jiwe. Jioni vikaonekana viwili, akalaumiwa mwezi mzima. Kumbe kipo! Laiti angekuwa hai nimpigie simu.

Na wewe umetabasamu gazetini juu ya mifupa ya nguruwe wangu. Aka! Shahada mbili.

Usijisikie vibaya. Hata siku ile watu waliuliza kwa nini hangi zichimbwe kule kwenye kona yenye mawe, wakati upande wa birika udongo ni laini. Wajomba walinung'unika sana. Baba alikataa katakata, akasema atakayetia jembe upande ule hatakula.

Basi. Tosheka na kilima, uweke ramani yako, yaishe. Mwamba usitie neno, nani atauliza?

Kararaina


Matarawhe
17 Mei 2016

Shangazi,

Umenitoa nishai dunia nzima. Nilisoma barua yako mbele ya mkutano kwa sababu nilidhani umeniletea hongera. Nilipofika kwenye nguruwe kumi na moja, Pera alianguka chini. Sasa naitwa Bibi Harusi marae nzima. Tamahou ananiuliza kila asubuhi kama vibanda vimeiva.

Stahili yangu. Niliona ninachokitaka. Mtu wa kwetu kutoijua hangi, hata ikiwa ardhini, ni aibu ambayo profesa wangu hawezi kuielewa.

Lakini sasa ni zamu yangu kukuuliza, na sicheki.

Babu Hohepa hakuwa mtu wa kumnyima mgeni udongo laini. Kwa nini alikataza jembe upande wa birika?

Na kuna jingine, limeninyima raha tangu barua yako ifike. Kila Aprili ulitupandisha watoto kilimani kuwaimbia wale thelathini na mmoja. Tukishuka ulitunawisha kwa chupa, mmoja mmoja, ukitukaripia tusirushiane maji. Wewe mwenyewe hukunawa. Ulikuwa ukituacha kwa mama, unavuka tambarare peke yako, unasimama kidogo karibu na uzio wa mashariki, kisha unanawa kwenye birika la ng'ombe. Nilikuwa na miaka saba, nikadhani ni heshima za wakubwa. Mtu hunawa anapotoka kwa wafu, Shangazi. Ulikuwa unatoka kwa nani?

Tamahou anasema tuwasilishe kilima hivyo hivyo, tusijichoshe. Kikao ni tarehe 24 Juni. Kama nitanyamaza, kilima kitabaki na majani yake mazuri, na mashine za wajenzi zitachimba mtaro wa maji machafu kando ya birika.

Sitapitisha chombo pale bila ruhusa yako. Niambie tu.

Mihiata


Matarawhe
3 Juni 2016

Shangazi,

Hujajibu. Rewi ananiambia uko mzima, unaangalia mashindano ya kupika na kuwatukana wapishi. Kama umenuna, sema umenuna. Zimebaki wiki tatu.

M.


Logan
6 Juni 2016

Mwanangu Mihiata,

Sikununa. Niliogopa.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana. Hii nitampa Rewi aiposti kabla sijabadili nia.

Mwaka 1952 Baba alikuwa amekodi tambarare ile kwa baba yake Aldersley, alime viazi vitamu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nafuata plau nikiokota mawe. Upande wa mashariki plau ilizama ghafla, udongo ukafunguka, nikaona mifupa ya miguu. Miguu mingi, Mihiata, imelala pamoja, na mingine midogo kuliko wangu. Baba alisimamisha farasi. Alivua kofia, akapiga magoti, akarudisha udongo wote kwa mikono, hakutumia hata jembe. Alikuwa analia kwa sauti. Sikuwahi kumwona analia, wala sikumwona tena.

Siku zile watu wa mjini walikuja kila Jumapili na sepetu, wakitafuta vitu vya vita. Walikuwa na makabati ya vioo. Mwingine alikuwa na fuvu, akiliweka juu ya piano, Baba aliliona kwa macho yake alipokwenda kukarabati paa. Basi tukiwa tumekaa pale kwenye mtaro wa plau akaniambia: hawa hawatakwenda juu ya piano. Risasi zote zilizokuwa zimeibuliwa na plau tukazikusanya kwenye aproni yangu. Jumamosi jioni tukapanda kilimani tukazirusha kwenye mikaraka, viganja kwa viganja, kama mtu anayelisha kuku. Jumapili wale mabwana wakaja, wakaokota, wakafurahi. Tangu hapo hakuna sepetu iliyoshuka tambarare.

Kisha akajenga lile birika hatua kumi kutoka walipolala, upande wa kaskazini. Alisema, nimekuwekea alama usipasahau, na maji ya kunawa. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata ndugu zangu. Baba yako amekufa hajui. Ahadi ni deni, nami nimelilipa miaka sitini na minne. Nilipozeeka nikasema wako kilimani hata mbele ya wenye tai, na nikajisifu moyoni kwamba nimewalinda.

Kumbe nimewauza. Hizo nyumba zimepangwa juu yao kwa sababu ya mdomo wangu. Tangu niliposoma nambari 14 mpaka 22 silali. Mashine ya hospitali inazunguka, nami nahesabu vyoo. Mficha uchi hazai, bibi yangu alikuwa akisema, na mimi nimeficha mpaka karibu nizikwe na siri yenyewe.

Niliapa kwa sababu ya sepetu. Sasa nijibu kwa ukweli, si kwa maneno ya chuo. Hicho chombo chako kinaweza kuwaona bila kuwagusa? Hakitatoboa? Hakitatoa hata jino moja? Kama ni hivyo, nadhani Baba angekubali. Hatua kumi kusini ya birika. Vua viatu.

Waambie watu wote niliyoyafanya. Wakinitukana watakuwa na haki.

Kararaina


Matarawhe
19 Juni 2016

Shangazi yangu mpenzi,

Wapo.

Nimetaka uone neno hilo kwanza.

Barua yako niliisoma peke yangu ndani ya gari. Kisha nikaisoma kwa Tamahou, kisha kwa marae yote. Sitakudanganya, palikuwa na hasira. Tamahou alisimama akasema, "Miaka sitini tumeuimbia mwamba!" Na ni kweli. Pera akajibu kutoka nyuma, "Na mwamba umetuvumilia, na sauti zenyewe hizi!" Hata Tamahou alicheka, akaketi akilia. Alipoinuka tena alisema Hohepa alikuwa na aproni moja na binti mmoja, na kwa hivyo viwili aliwashinda mabwana wote wa mjini. Wengine bado hawajanisalimia. Watanisalimia.

Jumamosi tuliingia asubuhi, umande bado upo. Tulivua viatu. Mzee Aldersley alikuja na fimbo yake, akauliza kama aondoke. Tamahou akamwambia abaki. Alikaa kando ya birika saa tano nzima, ng'ombe wake amewafungia kule mbali. Tulipomaliza alisema baba yake alikuwa akijiuliza kwa nini Hohepa alijenga birika mahali pasipo na mteremko wa maji.

Umeniuliza kwa ukweli, nakujibu kwa ukweli. Chombo hakitoboi wala hakitoi. Na mifupa hakiioni. Kinaona udongo uliochimbwa ukarudishwa, kwa sababu udongo ukishafunguliwa hausahau. Nilikisukuma mistari sitini na minne. Sikupanga iwe hivyo, ndivyo eneo lilivyotaka. Mstari wa nane ukaonyesha ukingo. Wa tisa, ukingo. Nikaendelea, Pera ameshika kamba, suruali ameishika kwa mkono wa pili, hathubutu hata kutania.

Ni handaki, Shangazi. Urefu mita ishirini na sita. Linapinda kila baada ya hatua chache ili risasi isipite moja kwa moja, kama wazee walivyosimulia. Kwenye ncha ya mashariki kuna mkwaruzo mmoja mwembamba juu juu, umekatiza handaki kwa pembe, halafu unakatika ghafla. Ni plau ya Babu. Unaonekana pale alipowasimamisha farasi.

Nimekuwekea picha ndani ya bahasha. Eneo la giza ni handaki. Mraba mdogo wa kaskazini ni birika lako. Tulinawa hapo, wote, mmoja mmoja, na Mzee Aldersley akanawa wa mwisho. Chupa ya plastiki nimeitupa.

Ijumaa ni kikao. Niombee.

Mihiata


Logan
28 Juni 2016

Mwanangu,

Pera alipiga simu Ijumaa ile ile. Nilisikia nusu, nyingine alikuwa anapiga kelele kama mchunga kondoo. Nimemfanya arudie mara tatu. Nyumba tisa zimefutwa, bomba litazungushwa upande wa barabara, na ukanda wote wa birika utarudi mikononi mwetu. Mzee Aldersley mwenyewe alisimama akasema hatauza kipande kile hata kwa dhahabu. Na wewe uliongea dakika ishirini bila karatasi. Pera anasema ulipomaliza ulikuwa umevaa viatu visivyolingana. Hongera, Bibi Harusi.

Rewi amezungumza na hospitali. Wanaweza kunitafutia kitanda na mashine huko kwetu kwa wiki mbili, Aprili ijayo. Nitakuja. Atakayekuwa na tusi langu alitunze mpaka nifike, nataka kulisikia kwa masikio yangu, lote zima. Kilimani sipandi tena, magoti sina na sababu sina. Na hangi mchimbe kona ile ile. Mkikikuta kipande cha reli, kitumieni.

Sasa nikueleze kuhusu picha.

Bahasha ilifika leo saa mbili asubuhi. Nilikuwa mezani nakunywa chai na mkate. Nikaifungua hapo hapo, nikadhani ni barua tu, karatasi tu, kitu cha mashine. Nikaona giza lile linapinda. Nikatafuta birika, nikaliona. Nikaona ule mkwaruzo mahali farasi waliposimama, na mimi nilikuwa nyuma yao hatua nne, nimeshika jiwe.

Nilikiondoa chakula mezani haraka. Mkate niliutupa. Picha nimeipeleka chumbani kwangu, nikaiweka kando ya picha ya Baba, nikakaa nao. Niliwaita kwa majina ninayoyajua, ambayo ni kumi na manne, na wale nisiowajua nikawaomba radhi. Baba nikamwambia, Baba, hakuna aliyetia sepetu.

Kisha nikatoka, nikafungua bomba la jikoni, nikanawa mikono.

Rewi akauliza, "Mama, umeshika nini?"

Nikamwambia natoka nyumbani.

Shangazi yako,
Kararaina